Kupima programu ya kulinganisha alama za vidole: asilimia ya muuzaji ilihesabiwaje?

Mleta uzi

Salaam wakuu. Hivi karibuni ofisi ninayofanyia kazi ilitaka kununua programu ya kulinganisha alama za vidole kwa ajili ya mahudhurio ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, na wauzaji wawili wakaja, kila mmoja na karatasi yake inayoonyesha usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Niliwauliza mambo matatu: asilimia hiyo imetokana na ulinganishaji wa mara ngapi, vidole vilikuwa vya watu gani, na picha ambazo programu ilishindwa kuzisoma zimehesabiwa upande upi. Hakuna aliyeweza kujibu hata moja. Kwa kuwa anayeumia programu ikikosea ni kibarua ambaye siku yake ya kazi haitaandikwa, niliona si haki kuchagua kwa kutazama karatasi, nikaamua kuzipima zote mbili kwa picha zilezile na kwa kanuni zilezile. Naeleza hapa nilivyofanya, pamoja na mahali nilipokosea, ili mwenye kazi kama hii asipoteze wiki mbili kama nilivyopoteza mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Programu hizi hufanya kazi mbili zilizo tofauti. Kazi ya kwanza ni kusoma picha ya kidole na kutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inakatika au kugawanyika panda, kisha kuandika kila nukta ya namna hiyo ilipo na inaelekea upande gani. Orodha hiyo ya nukta ndiyo inayohifadhiwa kama kiolezo cha kidole. Kazi ya pili ni kuchukua violezo viwili na kutoa pointi zinazoonyesha vinafanana kiasi gani. Programu yenyewe haisemi "ni huyu" wala "si huyu". Inatoa pointi tu, na sisi ndio tunaoweka kizingiti, kwamba pointi zikifika hapa tunakubali na zikipungua tunakataa.

Kwa hiyo makosa nayo ni ya aina mbili, na hayafai kuchanganywa katika asilimia moja. Kuna kukubali kimakosa, yaani vidole vya watu wawili kuonekana ni kimoja, na kuna kukataa kimakosa, yaani mwenye kidole chake kuambiwa si chake. Ukipandisha kizingiti, kosa la kwanza linapungua na la pili linaongezeka; ukikishusha, mambo yanageuka. Muuzaji anayekupa "usahihi wa asilimia 99" bila kutaja kizingiti hajakueleza kosa lipi amelipunguza kwa gharama ya lipi.

Picha nilizoanza nazo ni zile za mashindano ya FVC, yaani mashindano ya programu za kuhakiki alama za vidole, ambayo Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia kiliyaendesha mwaka 2000, 2002, 2004 na 2006 kwa kushirikiana na vyuo vingine, na ambayo tangu 2009 yamekuwa yakiendelea kwa njia ya mtandao. Nilitumia makusanyo ya mwaka 2002. Kila mkusanyo una vidole 110, na kila kidole kimepigwa picha 8, hivyo jumla ni picha 880. Vidole 100 ni fungu A, la kupimia, na vidole 10 ni fungu B, ambalo washiriki walipewa mapema ili warekebishe programu zao. Mgawanyo huo ni wa maana sana, na nawasihi muufuate hata kama mnapima kwa ajili yenu wenyewe: picha ulizotumia kurekebisha kizingiti zisitumike tena kupima, kwa sababu hapo utakuwa umempa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu yake.

Hesabu ya ulinganishaji katika mashindano hayo iko wazi. Kwa jozi za kidole kimoja, kila picha inalinganishwa na nyingine za kidole hichohicho bila kurudia jozi, yaani jozi 28 kwa kidole, na kwa vidole 100 ni jozi 2,800. Kwa jozi za vidole tofauti, inachukuliwa picha ya kwanza tu ya kila kidole na kulinganishwa na ya kwanza ya vidole vingine, na hapo zinapatikana jozi 4,950. Jumla ni jozi 7,750.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Faili za picha zimeandikwa kwa namba ya kidole, kistari cha chini, na namba ya picha: 1_1, 1_2, hadi 100_8. Programu yangu ya kipimo ilikuwa inaamua kama picha mbili ni za kidole kimoja kwa kutazama kama jina la pili linaanza na namba ya kidole cha kwanza. Kwa macho ya kompyuta, 10_1 inaanza na 1, na 100_1 nayo inaanza na 1. Matokeo yake kidole cha kwanza kikahesabiwa kuwa ni kilekile cha kumi, cha kumi na moja na cha mia, na programu zote mbili zikaonekana zinakataa watu ovyo. Nilikwisha kuandika barua ya lawama kwa muuzaji mmoja, ila kabla sijaituma nikafungua jozi chache zenye pointi ndogo kabisa na kuzitazama kwa macho. Picha ya kushoto ilikuwa na mistari inayozunguka kama kimbunga, na ya kulia ilikuwa na upinde mmoja mpana. Hata mtoto angeona ni vidole viwili. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza jaribio hutazama kwa macho jozi 20 za kidole kimoja zilizopata pointi za chini kabisa, na jozi 20 za vidole tofauti zilizopata pointi za juu kabisa, kabla sijaamini jedwali lolote.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Naomba kuuliza mambo mawili. Ulitumia kigezo gani cha kulinganishia, maana programu mbili za kibiashara ukizishindanisha zenyewe kwa zenyewe unaweza kukuta zote ni dhaifu? Na je, jozi 7,750 zilichukua muda gani kwenye kompyuta ya kawaida?

Mleta uzi

Maswali yako yote mawili ni ya msingi, mkuu. Kigezo changu kilikuwa programu za wazi zinazotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mkusanyo unaoitwa NBIS. Ndani yake kuna MINDTCT inayosoma picha, na BOZORTH3 inayolinganisha, ambayo msingi wake uliandikwa na Allan Bozorth wa FBI. MINDTCT hutoa faili ndogo ya maandishi ambayo kila mstari wake ni nukta moja yenye namba nne: mbili za mahali ilipo, moja ya mwelekeo na moja ya ubora wake. Uzuri wa faili hiyo ni kwamba unaweza kuifungua, ukazihesabu nukta kwa mkono na kuziweka juu ya picha ili uone kama zimekaa mahali pake. Programu za kibiashara hazikupi nafasi hiyo. Mwongozo wa NBIS unasema pointi zinazozidi 40 kwa kawaida zinaonyesha kidole kimoja, lakini msiichukue namba hiyo kama sheria, bali ipimeni kwa picha zenu. Programu nyingine ya wazi niliyoijaribu ni SourceAFIS. Muuzaji ambaye programu yake haizidi hizi za bure kwa picha zilezile anapaswa kueleza tunamlipa kwa kitu gani.

Kuhusu muda, tofauti inatokana na namna ulivyopanga kazi. Ukiandika programu inayosoma picha mbili upya kwa kila jozi, utasoma picha mara 15,500, ilhali picha zenyewe za fungu A ni 800 tu. Tengeneza violezo vyote kwanza, vihifadhi kwenye folda, kisha linganisha violezo. Muda wa kusoma na muda wa kulinganisha uandikwe mbalimbali, kwa kuwa asubuhi mtu anapoweka kidole getini picha husomwa mara moja, lakini kulinganisha kunaweza kurudiwa mara nyingi kwa kadiri ya orodha iliyosajiliwa. Nawashauri pia mwandike ukubwa wa kiolezo kwa baiti, kwa sababu baadhi ya vifaa vya getini vina kumbukumbu ndogo.

Kuna jambo la picha zenyewe ambalo lilinila siku nne. Mkusanyo wa pili wa mwaka 2002 ulichukuliwa kwa skana yenye pikseli 569 kwa inchi (pikseli ni vitone vinavyounda picha, si zile nukta za kiolezo), wakati programu nyingi, MINDTCT ikiwemo, zimeandaliwa kwa picha za pikseli 500 kwa inchi. Ukilinganisha picha za skana hiyo zenyewe kwa zenyewe hutaona balaa kubwa, kwa kuwa zote zimekuzwa sawasawa. Balaa linakuja pale mtu anaposajiliwa kwa skana moja na kuhakikiwa kwa nyingine: nukta zilezile za kidole zinakuwa zimeachana kwa umbali tofauti, na pointi zinaporomoka. Picha hizo zina upana wa pikseli 296 na urefu wa 560. Ukizipunguza ziwe 260 kwa 492 zinakuwa sawa na pikseli 500 kwa inchi. Na unapozibadilisha aina ya faili, tumia njia isiyopoteza chochote cha picha. Ukizibana kwa njia inayopoteza, hutajua kama unaipima programu au unapima ubanaji.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimewahi kuona ripoti za namna hii zikitaja EER peke yake, na anayepata EER ndogo ndiye anayetangazwa bora. Je, hiyo haitoshi kwa ofisi ndogo inayotaka kuchagua tu?

Mleta uzi

Haitoshi, ndugu yangu, na naomba nilifafanue hili kwa kirefu kwa sababu naona ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

EER ni kiwango ambapo makosa ya kukubali na ya kukataa yanalingana. Inafaa kupanga washindani kwenye jedwali, lakini hakuna mtu anayeweka kizingiti chake hapo anapokwenda kazini. Ofisi huamua kwanza kosa gani inaweza kulivumilia, halafu inauliza kosa lingine litakuwa kubwa kiasi gani. Ndiyo maana ripoti za FVC hutoa pia FMR100 na FMR1000, yaani kiwango cha kukataa kimakosa pale ambapo kukubali kimakosa hakuzidi mara moja katika 100, au mara moja katika 1,000. Programu mbili zinaweza kuwa na EER inayokaribiana, lakini kwenye kizingiti kikali moja ikaanza kuwakataa wenye haki mapema kuliko nyenzake. Kwetu lilitokea hilohilo, na programu iliyokuwa mbele kwa EER ikawa nyuma kwa FMR1000.

Lakini hata FMR1000 ina mpaka wake, nao unatokana na idadi ya majaribio. Katika jozi 4,950 za vidole tofauti, mara moja katika 1,000 maana yake ni jozi nne tu. Jozi moja ikihama upande, matokeo yanayumba. Wataalamu wa upimaji wana kanuni mbili nyepesi. Ya kwanza inasema kwamba ukifanya majaribio kadhaa yasiyotegemeana na usipate kosa hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango halisi cha makosa hakizidi tatu kugawanya kwa idadi ya majaribio. Kwa jozi 4,950 bila kosa, hata tukizichukulia kuwa hazitegemeani, unachoweza kudai ni kwamba makosa hayazidi takriban asilimia 0.06. Anayedai mara moja katika 10,000 anahitaji majaribio 30,000 yasiyo na kosa. Kanuni ya pili inasema kwamba ili uwe na uhakika wa asilimia 90 kuwa kiwango halisi kiko ndani ya asilimia 30 juu au chini ya ulichokiona, unahitaji kuwa umeona makosa yasiyopungua 30. Niliporudi na kanuni hizi kwenye karatasi za wauzaji wetu, niliona kwamba hata kama hesabu zao zilikuwa sahihi, mmoja alikuwa anadai tarakimu za desimali ambazo majaribio ya idadi kama hii yetu yasingeweza kuzibeba.

Msiseme basi tuzilinganishe picha zote 800 na kupata jozi za vidole tofauti 316,800. Jozi hizo zinapatikana kweli, na zinasaidia kuona umbo la mchoro wa makosa, ila hazina uhuru. Bado ni vidole 100 vilevile vinavyorudiwa. Kidole chenye mistari iliyofifia kitakosea mara nyingi kwa wakati mmoja, na kanuni nilizozitaja hazitakuwa na nguvu tena.

Jambo la mwisho katika hesabu ni picha zilizokataliwa. Programu ikisema "picha hii haifai", iandikiwe pointi sifuri katika kila jozi ya kidole kimoja inayoihusu, na idadi ya picha hizo itajwe peke yake. Programu inayokataa picha zote ngumu inaweza kujipatia jedwali safi kabisa, lakini aliyekataliwa bado amesimama getini na kazi inamsubiri.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, naunga mkono uliyoyasema, lakini naona kuna hatari moja. Hizo picha za Italia ni za wanafunzi wa chuo. Vidole vya mkata mkonge na vya mwanafunzi wa kompyuta ni vitu viwili. Tena mimi nilishuhudia wazee kijijini kwetu wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2019 hadi Januari 2020, wakibadilisha kidole baada ya kidole na mashine inagoma.

Mleta uzi

Umesema kweli tupu, na ndiyo sababu picha za FVC zilikuwa hatua ya kwanza tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19795, sehemu ya kwanza, kinatofautisha jaribio la teknolojia, linalofanywa kwa picha zilizohifadhiwa, na jaribio la mazingira yaliyoandaliwa, na lile la kazini penyewe. Jaribio la kwanza linakueleza programu ipi ina uwezo. Halikuelezi programu hiyo itafanya nini mikononi mwa watu wako.

Tulikwenda shambani na skana ileile tutakayoitumia. Tuliwaeleza wafanyakazi picha ni za nini, zitakaa wapi na zitafutwa lini, tukachukua ridhaa ya maandishi, na aliyekataa hakuulizwa sababu. Hili nalisisitiza: alama ya kidole ikivuja huwezi kumpa mtu nyingine, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Tanzania, anayekusanya taarifa za namna hii ana wajibu wa kisheria. Kwenye kompyuta ya kipimo hatukuweka jina hata moja, bali namba tu. Picha zilichukuliwa kwa siku mbili tofauti, kwa sababu ukipiga picha nane papo hapo kidole hakina muda wa kubadilika, na programu inaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Nitaeleza kidole kimoja. Ni cha gumba la kulia la mama mmoja anayepanga singa (nyuzi za mkonge) kiwandani. Katika picha, mistari ya ngozi ilikuwa imekatwa na makovu membamba meupe, mengine yakipita kwa mshazari kutoka ukingo hadi ukingo. Kila kovu linapokata mstari, programu inaona ncha mbili mpya, na kwa kuwa kovu moja linakata mistari mingi, MINDTCT ilijaza nukta zilizopangana kandokando ya kovu kama mshono wa nguo. Siku ya pili kulikuwa na kovu jipya na moja la zamani limeanza kupona. Kwa hiyo nukta zilizokuwapo siku ya kwanza nyingine hazikuwapo, na zilizoongezeka hazikuwa za kidole bali za jeraha. Moja ya programu za kibiashara ilikuwa inachuja nukta za namna hiyo, nyingine haikuwa ikifanya hivyo, na tofauti hii haikuonekana kabisa katika picha za Bologna. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa mama huyohuyo kilikuwa safi, na pointi zake zilikuwa juu siku zote mbili.

Mchangiaji wa kwanza

Je, matokeo haya yanaweza kutumika kwa mfumo mkubwa, kwa mfano kutafuta waliojiandikisha mara mbili katika daftari la watu milioni moja?

Mleta uzi

Hapana, na hapo tahadhari ni kubwa zaidi. Getini kwetu mtu anataja namba yake kwanza, kisha kidole chake kinalinganishwa na kiolezo kimoja. Katika daftari, kila mtu analinganishwa na wote. Kwa watu 100,000 na programu inayokubali kimakosa mara moja katika 10,000, kila utafutaji mmoja unategemewa kuleta majina 10 yasiyohusika. Kwa watu milioni moja, jozi zinakaribia bilioni 500, na hata programu inayokosea mara moja katika milioni italeta jozi za uongo zipatazo 500,000. Ndiyo maana mifumo ya taifa huchukua vidole vingi, na wakati mwingine huongeza mboni ya jicho. Jaribio la vidole 100 haliwezi kusema lolote kuhusu kazi ya ukubwa huo.

Mchangiaji wa pili

Mwishowe mliamua nini?

Mleta uzi

Tumemchagua yule ambaye programu yake inachuja makovu, ingawa kwa picha za FVC alikuwa wa pili. Tumeandika katika mkataba kwamba kila mfanyakazi atasajiliwa vidole viwili vya mikono tofauti, kimojawapo kikiwa cha pete, na kwamba anayekataliwa mara tatu ataandikwa na msimamizi kwa kalamu papo hapo, bila kurudishwa nyumbani. Kumbukumbu za waliokataliwa zitabaki kwetu. Baada ya mavuno ya msimu huu nitazipima upya kwa kanuni hizihizi na kuleta hesabu yake katika uzi huu.